Mzee Akiacha Anachokipenda, Tuulize Sababu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya magonjwa. Mwezi huu tuzungumze juu ya mambo ambayo kwa haraka hayaonekani kuwa ya hospitali hata kidogo: chungu cha makande cha bibi, kitalu chake cha mnafu nyuma ya nyumba, redio ya babu, safari yake ya Jumamosi kwenda soko la Tengeru, na ubishi wake wa siasa na wazee wenzake.

Pengine utauliza, muuguzi anahusikaje na hayo? Anahusika sana. Mzee akiletwa hospitalini tunampima joto, shinikizo la damu, uzito na sukari. Lakini lipo swali moja lisilohitaji kipimo chochote, nalo hutueleza mengi: "Siku hizi anashinda akifanya nini?" Mara nyingi ndugu waliomleta hujibu, "Hafanyi kitu, amekaa tu. Ni uzee." Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Uzee peke yake haumfanyi mtu aache kila kitu alichokipenda. Uzee humfanya afanye polepole, apumzike katikati, apunguze ukubwa wa shamba. Lakini mtu aliyependa kupika akiacha kabisa kupika, na aliyependa mikutano akiacha kabisa mikutano, hapo kuna sababu. Na mara nyingi sababu hiyo inatibika.

Kazi za kila siku ni mazoezi

Tumtazame bibi anayepika makande. Anachagua maharage, anatoa mawe na yaliyoliwa na wadudu: hayo ni mazoezi ya macho na vidole. Anainama, anachochea moto, anainuka: hayo ni mazoezi ya magoti na kiuno. Anakumbuka kwamba mahindi hutangulia kuiva au huchelewa kulingana na aina yake, kwamba chumvi huwekwa mwishoni, kwamba mjukuu fulani hali vitunguu. Anakadiria maji na muda bila saa. Yote hayo ni kazi ya ubongo: kukumbuka, kupanga, kupima na kuamua. Ni kazi nyingi kuliko tunavyodhani.

Ndivyo ilivyo kwa loshoro. Mahindi hukobolewa na kupikwa mpaka yalainike, yakapozwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Bibi anayejua maziwa yamefikia wapi kwa kuyanusa tu anatumia pua, ulimi na kumbukumbu kwa pamoja. Ndivyo pia kwa mtori, kwa kumenya ndizi, na kwa kufunga mafungu ya mboga za kupeleka sokoni. Kwenye soko lenyewe kuna hesabu, kuna kupatana bei, kuna kutembea, na zaidi ya yote kuna watu wa kusalimiana nao.

Sasa wapo vijana wengi wenye moyo mwema ambao, mama yao akifikisha miaka 70, humwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa upumzike." Wanaleta msichana wa kazi, wanamnunulia kiti kizuri, wanakiweka barazani. Nia yao ni njema. Lakini kiti hicho kinaweza kuwa mwanzo wa kudhoofika. Misuli isiyotumika hupungua haraka uzeeni kuliko ujanani, magoti hukakamaa, choo kinakuwa kigumu, usingizi wa usiku unapotea kwa sababu amesinzia mchana kutwa. Na mtu aliyekuwa akiamua chakula cha nyumba nzima sasa anasubiri kuletewa sahani. Asiyehitajika kwa lolote huanza kujiona mzigo. Kumpunguzia mzee kazi nzito ni vema: asibebe ndoo ya maji wala mzigo wa kuni. Lakini kumpunguzia kazi si kumnyang'anya kazi.

Jikoni pana hatari zake

Nikisema bibi aachwe apike, sisemi kwamba jiko letu halina madhara. Yapo mambo manne ambayo kila familia ya mlimani na mjini yafaa iyaangalie.

La kwanza ni magadi. Wengi wetu huweka magadi ili maharage na mahindi yaive upesi. Mlima Meru ni mlima wa volkano, na ardhi yake ina madini mengi ya floridi. Ndiyo sababu sehemu kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki maji yake yana floridi nyingi, na wenyeji wa huko wanayafahamu vizuri meno ya rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Magadi yanayookotwa katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi, kwa hiyo anayeyatia chunguni anaongeza juu ya ile iliyomo majini. Floridi ikizidi kwa miaka mingi haiishii kwenye meno. Huingia mifupani, na uzeeni mgongo na viungo vinakakamaa na kuuma. Isitoshe, magadi ni aina ya chumvi, na kwa mwenye shinikizo la damu si rafiki.

Tena bibi apikapo, wajukuu hula. Meno ya kudumu ya mtoto hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kufikia miaka 8 hivi, na ndio wakati floridi huyaharibu. Kwa hiyo kuacha magadi ni kumlinda bibi na mjukuu kwa pamoja. Njia ni rahisi: lowekeni maharage na mahindi usiku kucha, mwageni maji yale, kisha pikeni kwa maji mapya. Muda na kuni hupungua bila magadi. Tukumbuke pia kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakichemka muda mrefu na kupungua, floridi inabaki ileile katika maji machache zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kwa kunywa na kupikia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulikia kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floridi nyumbani.

La pili ni chumvi. Kadiri tunavyozeeka, ulimi hupungua uwezo wa kuonja. Bibi huonja mchuzi, akaona umepooza, akaongeza chumvi, na nyumba nzima ikala chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisicho na kichuguu, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Msimlaumu bibi. Mpeni vitu vingine vya kuongeza ladha: kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, limau, nyanya zilizokaangwa vizuri, majani ya giligilani.

La tatu ni moshi. Jiko la mafiga katika chumba kisicho na dirisha huumiza mapafu na kuwasha macho. Kikohozi kisichoisha cha bibi huenda hakikuanza jana, bali miaka 40 iliyopita. Hapa niseme jambo zito. Macho mekundu ya bibi mzee mara nyingi ni kazi ya moshi na kuni mbichi. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu wamepatikana watu wa kuyaita macho hayo alama ya uchawi, na akina bibi wasio na hatia wameuawa. Kila mtoto wa familia zetu ajue ukweli huu: macho mekundu mara nyingi ni ugonjwa wa jikoni, na dawa yake ni dirisha, kuni kavu, jiko bora lenye bomba la moshi, au gesi kwa wanaoweza, pamoja na kupelekwa kwa daktari wa macho.

La nne ni kuanguka. Wakati wa masika njia za milimani huteleza, na sakafu ya jikoni huwa na maji. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Inueni jiko lifike usawa wa kiuno ili asiiname, wekeni taa, ondoeni mawe na ndoo njiani, na kigoda kile kifupi kibadilishwe na kiti chenye mahali pa kushikia anapoinuka. Kandambili zilizolika zitupwe.

Siasa, redio na baraza

Tuje kwa babu, ingawa bibi wengi nao wanazijua siasa vizuri sana. Babu anasikiliza taarifa ya habari, kisha anabishana na jirani juu ya bomba la maji lililokauka, mpaka wa shamba, barabara iliyochimbika, na ahadi za diwani. Watoto wake wanaona ni kelele. Mimi kama muuguzi naona mzee mwenye afya. Ili abishane hana budi asikie, aelewe, akumbuke alichosikia jana, akilinganishe na cha leo, atafute neno, na asubiri zamu yake. Ni mitihani mingi katika robo saa moja.

Na wazee wa mkoa huu wana mengi ya kusimulia kuhusu siasa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa huko New York kuieleza dunia shauri lao. Mtoto aliyeshuhudia mambo hayo sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 80. Mwanzoni mwa mwaka 1967 ndipo Azimio la Arusha lilipopitishwa na TANU katika mji huu. Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 80. Wapo walioishi vijiji vya ujamaa, waliopiga kura ya vyama vingi mwaka 1995, na waliosikiliza redioni mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofanyika hapa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999 chini ya Nelson Mandela, mpaka mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Mzee wa namna hii hahitaji kutafutiwa jambo la kuongea. Anahitaji msikilizaji.

Sheria nayo inampa nafasi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, hauna umri wa mwisho. Kwa mila vilevile, Wameru wana washili wao na Waarusha wana laigwanani wao, na ushauri wa wazee ni sehemu ya maisha. Mzee asiyeweza kutembea hadi mkutanoni aulizwe maoni yake kabla, na aletewe taarifa baada. Hata kama hamkubaliani naye chama, mbishanieni kwa heshima. Kumwambia mzee "Wewe umepitwa na wakati, nyamaza" kunamfungia mlango ambao ni vigumu kuufungua tena.

Onyo moja tu. Habari za kutisha kutwa kucha, na ujumbe wa simu usiojulikana ulikotoka, humnyima mzee usingizi na kumpa wasiwasi. Asikilize habari mara moja au mbili kwa siku, kisha azime redio, atoke nje.

Jirani zetu wa Hai wametufundisha nini

Hayo ninayosema si maneno ya faraja tu. Katika wilaya ya Hai, hapo jirani mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini kati ya mwaka 2009 na 2010 wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Waligundua kwamba wazee 6 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau unaoitwa demensia. Huu si usahaulifu wa kawaida wa kutafuta miwani iliyo kichwani. Ni ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujitunza kidogo kidogo. Katika vijiji hivyohivyo, karibu wazee 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi hawakujua.

Baadaye, wazee 34 wa Hai waliokuwa na demensia isiyo kali sana waliwekwa katika vikundi vya tiba ya kuchangamsha akili. Tiba hii ilianzishwa Uingereza, ikarekebishwa ili iwafae hata wazee wasiojua kusoma. Walikutana mara 14 katika wiki 7. Je, walipewa dawa gani? Hawakupewa sindano wala kidonge. Katika tiba hii kila kikao kina mada yake: siku moja wanazungumza juu ya utoto wao, siku nyingine juu ya vyakula, nyingine habari za siku hizi, nyingine matumizi ya fedha, nyingine sauti, picha na michezo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka uliongezeka, na wasiwasi wao ukapungua. Tiba hiyo haiponyi ugonjwa. Ilichofanya ni kumrudishia mzee sehemu ya nguvu zake.

Tazameni mada zile: vyakula, utoto, fedha, habari za nchi. Ni chungu cha bibi, soko la Tengeru na ubishi wa babu. Walichofanya wataalamu ni kukiweka katika utaratibu kile ambacho familia nzuri ilikuwa inakifanya jioni kuzunguka moto.

Mwaka 2024 nalo jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia. Miongoni mwake ni upweke, sonona, kutofanya mazoezi, kutosikia vizuri, kutoona vizuri bila kutibiwa, shinikizo la damu, kisukari, sigara na ulevi. Walikadiria kwamba kama mambo hayo yote yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wa demensia duniani wangeepuka ugonjwa huo au ungechelewa kuwapata. Mengi ya mambo hayo tunaweza kuyashughulikia hapahapa Arusha.

Akiacha, tutafute sababu

Basi mzee ameacha jambo alilolipenda. Tutafute nini? Nitaeleza sababu tunazozikuta mara nyingi.

Ameacha kwenda mikutanoni, na akizungumziwa hujibu kisichoulizwa. Kabla ya kusema akili imepungua, chunguzeni masikio. Pengine ni nta tu iliyoziba, na zahanati inaweza kuisafisha. Msichokonoe kwa njiti wala kwa unyoya wa kuku. Kama si nta, apimwe usikivu. Mtu asiyesikia hujitenga kwa aibu, na watu humdhania amechanganyikiwa.

Ameacha kuchagua mchele, kusoma, au kutoka jioni. Chunguzeni macho. Pengine anahitaji miwani ya kusomea tu. Pengine ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi hurudi nyumbani siku ileile. Huduma za macho zipo Arusha, na zipo KCMC kule Moshi.

Ameacha shamba na matembezi. Huenda magoti au mgongo unauma, huenda anapungukiwa na pumzi, miguu inavimba, au anaona kizunguzungu akisimama. Moyo, upungufu wa damu, na wakati mwingine dawa zenyewe za shinikizo la damu, huleta hali hizo. Aje apimwe, na aje na dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba.

Ameacha kwenda sokoni, kanisani na msibani, akisingizia uchovu. Muulizeni kwa upole, na faraghani, kuhusu mkojo. Wazee wengi, akina mama na akina baba, hushindwa kuuzuia na wanaona aibu kusema. Huo si mwisho wa safari; upo msaada.

Amepoteza hamu ya kila kitu: chakula hakitamani, wajukuu hawamchekeshi, usingizi unakatika alfajiri, anasema afadhali afe. Hali hiyo ikizidi wiki mbili huenda ni sonona. Uzeeni sonona haiji kwa machozi kila mara. Huja kwa ukimya. Hufuata mara nyingi baada ya kufiwa na mwenzi, watoto kuhamia mbali, au shamba kuuzwa bila yeye kuulizwa. Sonona ni ugonjwa, si utovu wa imani wala si ukaidi, na inatibika. Mzee anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Mwisho, anapika lakini anasahau moto, anaweka chumvi mara mbili, anapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka 50, anashutumu watu kumwibia. Hapo tushuku demensia, na aonwe na daktari. Msidanganywe na simulizi zake za zamani. Babu anaweza kueleza ya mwaka 1951 bila kukosea jina, na hapohapo asikumbuke kama amekunywa chai. Ugonjwa huu huanza kuharibu kumbukumbu mpya, na zile za zamani hubaki kwa muda mrefu. Anapouliza swali lilelile mara ya kumi, hafanyi makusudi. Mjibuni kama ni mara ya kwanza.

Familia ifanye nini?

Kwanza, kila mzee awe na kazi moja ya nyumba ambayo ni yake kweli. Iwe kupukuchua maharage, kulisha kuku, kuchagua mboga ya jioni, kutunza funguo za ghala, au kumsimamia mjukuu anaporudi shule. Kazi iwe ya kweli. Mzee anatambua akipewa kazi ya kumtuliza tu.

Pili, mwenye kusahau asifukuzwe jikoni, bali apike pamoja na mtu. Mjukuu awashe moto na kuuzima, bibi amenye, achanganye, aonje na kutoa amri. Mjukuu naye atajifunza upishi.

Tatu, atembee kila siku. Aende hadi kwa jirani, dukani, au kuzunguka migomba. Kwa wanaoishi mjini, katika nyumba za kupanga za Kaloleni, Sanawari au Unga Limited, mzee kutoka kijijini huweza kufungiwa ndani kutwa, watoto wakiwa kazini. Huyo yuko hatarini zaidi ya yule wa kijijini. Mtafutieni wenzake wa rika lake katika mtaa au jumuiya, kitalu cha mboga hata katika ndoo mbovu, na mtu wa kupita mchana kumsalimia.

Nne, ale mlo kamili. Wazee wengi huishi kwa chai na mkate. Wanahitaji maharage, maziwa, mayai, samaki au nyama kidogo, mboga za majani na matunda, na maji ya kutosha hata kama hawasikii kiu. Meno yakiwa mabaya, chakula kilainishwe, si kuondolewa. Pombe ipunguzwe, na asiichanganye na dawa.

Tano, apimwe shinikizo la damu na sukari hata akiwa mzima. Dawa za shinikizo la damu ni za kila siku. Haziachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Muulizeni mtendaji wa kijiji au mtaa utaratibu ulivyo sasa, na mzee wenu aandikishwe kabla hajaugua.

Sita, jambo lolote linalomhusu mzee, kama shamba lake, ng'ombe wake, mahali pa kulala au matibabu yake, liamuliwe akiwepo, na aulizwe yeye kwanza.

Dalili za kukimbiza hospitalini

Yote niliyoeleza hapo juu huja taratibu, kwa wiki na miezi. Mabadiliko ya ghafla ni jambo jingine. Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukikosa nguvu, au ulimi ukawa mzito, huo huenda ni kiharusi: mpelekeni hospitalini saa ileile, msisubiri kesho wala kumkanda kwanza. Mzee aliyekuwa na akili timamu jana na leo anaweweseka, huenda ana malaria, nimonia, maambukizo ya mkojo, upungufu wa maji, au sukari imeshuka. Uzeeni homa kali inaweza isiwepo kabisa. Naye aliyeanguka akagonga kichwa, au asiyeweza kukanyaga mguu, apelekwe bila kukawia.

Ndugu wasomaji, jioni ya leo, kabla ya kumuuliza mzee wenu anaumwa wapi, muulizeni mambo mawili: "Mwaka jana ulipenda kufanya nini?" na "Je, bado unakifanya?" Jibu la pili likiwa hapana, msiishie kusema ni uzee. Ulizeni sababu, na kama hamwipati, mleteni tuitafute pamoja.